Faini ya Huruma

Naapa kwa masikio yangu mawili: hakuna uongo hata chembe katika habari hii. Kwamba imetokea katika mwaka ambao bado haujafika, hilo si kosa langu, ni kosa la kalenda. Kabla sijastaafu nilikuwa fundi redio. Sikusomea popote, fizikia yangu niliiokota ndani ya redio za watu zilizokufa. Na mtu aliyezoea kunasa sauti za mbali hashindwi kunasa za mbele.

Jirani yangu Bibi Tekla, ambaye husoma kila ninachoandika ili apate la kunisuta, ameniwekea sharti. Akikuta uongo mmoja, mmoja tu, anamchukua jogoo wangu. Nimekubali. Jogoo mwenyewe yuko hapa mlangoni, ananitazama kwa mashaka.

Haya.

*

Kamati ya kumbeba mzee Wendelini Gama ilikutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi mdogo wa hospitali ya saratani, Makambako, na kama kamati zote, ilichelewa kuanza kwa sababu ya chai.

Nakunda Mshana alikaa mwisho wa meza na kuwaacha wanywe. Alikuwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ile, Mpare wa milimani aliyepelekwa kazini kwenye baridi ya kusini akaizoea, na watu walimwita Ustawi, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Alikuwa ameketi kwenye kamati nyingi kiasi cha kujua kwamba kamati ya kubeba haina tofauti na ya harusi. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mjomba anayepinga kila kitu, na kuna ahadi. Tofauti ni kwamba hapa watu hawaahidi michango ya sherehe. Wanaahidi maumivu.

"Mimi kama mtoto wa kwanza," alisema Desderi, kijana mkubwa wa mzee, akisimama na kufunga kifungo cha koti, "nabeba nusu ya maumivu ya baba. Nusu nzima! Wengine mtagawana iliyobaki."

Makofi yakapigwa. Mjomba akapinga, akisema nusu ni nyingi, kijana asije akajisifu ukoo mzima.

"Ahsante, kaka Desderi," alisema Nakunda. "Njoo huku tukupime."

Alimbandika nyuma ya sikio kipokeo, kitu kidogo mfano wa kifungo cha shati. Upande wa pili wa dirisha la kioo, mzee Gama alikuwa amelala na kipokeo chake, ametazama dari. Mashine iliyosimama katikati yao iliitwa Mizani, na kwenye kioo chake palitakiwa kutokea uzi wa kijani kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Haukutokea.

Desderi akagonga kipokeo kwa kidole. "Betri?"

"Betri ni nzima," alisema Nakunda.

Mizani haikuuliza habari za damu. Watu waliojibizana miaka na miaka, wakagombana, wakacheka, wakakatizana maneno, mishipa yao ya fahamu hujifunza mapigo ya mwenzake, na maumivu ya mmoja hupata njia ya kuingia kwa mwingine. Pasipo na njia, maumivu hurudi yalikotoka. Desderi alikuwa akimpigia baba yake simu kila Mwaka Mpya, bila kukosa. Mizani haikuona njia hapo, na haikuona kwa mdogo wake, wala kwa mjomba, ambaye alilaumu hali ya hewa.

Watu wakaanza kutazama vikombe vyao. Hapa ndipo kazi ya Nakunda ilipokuwa, si kwenye mashine. Alisimama kabla aibu haijakomaa.

"Sawa," alisema kwa sauti ya mtu ambaye mambo yake yanakwenda kama alivyopanga. "Sasa tunajua nani ana kazi gani. Kaka Desderi, mzee ana nguruwe na ana miparachichi inayotaka kuchumwa. Mgonjwa anayejua nguruwe wake wanakufa njaa haponi. Hiyo ni yako. Uji wa asubuhi, mdogo wako. Mjomba, wewe utakuja kukaa naye mchana na kumpinga. Naona mnaweza kuanza kujifunza."

Mjomba alifungua kinywa apinge, akaona ametegwa, akafunga.

*

Daktari Rweyongeza alimkuta kwenye korido.

"Niambie una mbebaji," alisema.

"Bado."

"Ustawi, wawindaji wako ndani ya damu yake tangu jana. Siwezi kuwaita warudi."

Nakunda alijua. Wawindaji walikuwa chembe hai, zilizofugwa maabara kwa kazi moja: kuingia mwilini na kuila saratani. Zilifuata maumivu kama mbwa anavyofuata harufu. Ukimpa mgonjwa dawa ya ganzi, mbwa wanakaa chini na kupiga miayo. Ukimwacha ayabebe yote peke yake, anazimia, na mtu aliyezimia, kwa mbwa hawa, hana harufu. Basi maumivu lazima yawepo, na lazima mtu aliye macho ayahisi. Kongosho la mzee Gama lilikuwa na uvimbe wa kutosha kuwashibisha wawindaji wote, ikiwa tu wangeufikia.

"Kesho alasiri dozi ya kwanza inaamka," alisema daktari. "Peke yake hamalizi."

Nakunda aliingia wodini. Hakumwuliza mzee nani anampenda. Wagonjwa wakiulizwa swali hilo hutaja watoto, kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wamekataliwa, eh? Nimewaona kwa kioo. Desderi amefunga koti bure."

"Nani hukuudhi kila siku?"

Mzee aligeuza shingo. Kwa mara ya kwanza alimtazama.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Yule Mhehe," alisema mzee Gama, na uso wake, uliokuwa na rangi ya majivu, ukapata joto kidogo. "Anachaji betri za watu mbele ya nyumba yangu. Mwanamke hana haya hata kidogo. Kila nikifungua dirisha, ndiye huyo."

*

Eskalina Kihwele alikuwa na kibanda, mabamba ya jua juu yake, betri za pikipiki za umeme zimepangwa chini kama mikate, na ulimi ambao mtaa mzima uliuheshimu. Nakunda alieleza kilichomleta.

"Anataka mimi nimbebe?" Eskalina alipangusa mikono. "Mngoni? Wametembea kutoka kusini kule kwa miguu bila kumwuliza mtu njia, leo ndiyo anataka kubebwa?"

"Hajataka. Mimi ndiye nauliza."

"Mwache afe. Nitakuja kula nyama ya msiba. Mkewe alipofariki nililala ndani ya kaburi, nikakataa kutoka mpaka niletewe mguu wa mbuzi. Waliuleta mbio! Padri amesimama na kitabu chake, jeneza linasubiri, mimi nimelala nahesabu mawingu. Na yule mzee, aliyekuwa hajala wala kusema tangu mkewe akate roho, akacheka mpaka akashikiliwa." Alivua aproni huku akisema. "Wangoni hawana shukrani. Mguu wenyewe ulikuwa mkavu. Tunapita njia gani?"

Walikuwa watani, Mhehe na Mngoni, makabila yaliyopigana zamani yakaamua kumalizia vita kwa maneno. Nakunda alikuwa amekwisha kuwaona watani misibani. Alichokuwa hajawahi kukiona ni kilichotokea kwenye kioo cha Mizani. Kipokeo hakijakaa sawa nyuma ya sikio la Eskalina, na tayari uzi ulikuwa umetokea, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Mungu wangu," alisema daktari, mtu asiyesema hivyo ovyo.

Mizani ikazungumza kwa sauti yake ya upole. "Mbebaji, sema kwa neno lako: unakubali kubeba?"

"Nimbebe huyu?" Eskalina alimtazama mgonjwa kuanzia miguuni. "Amekonda, lakini ubishi wake peke yake ni gunia mbili."

"Jibu halijaeleweka," ilisema Mizani.

"Mashine imekuelewa vizuri," alisema mzee Gama kitandani. "Inaona aibu tu kwa niaba yako."

"Nyamaza wewe. Tuliwafukuza mpaka Songea, tukachoka, ndiyo mkapata mahali pa kulala."

"Mlitufukuza? Mlikuwa mbele yetu mkikimbia!"

"Jibu halijaeleweka," ilisema Mizani.

Kosa la Mizani lilikuwa la Nakunda pia. Ile sheria ya neno la wazi aliipigania yeye mwenyewe, miaka ya mwanzo ya mashine hizi, baada ya msichana wa kazi wa nyumba fulani kukutwa sakafuni jikoni akiwa amebebeshwa maumivu ya mama mwenye nyumba. Aliulizwa kama alikubali, na mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu kwa niaba yake. Tangu hapo hakuna anayebeba bila kusema mwenyewe, mgonjwa akisikia, neno lisilo na kona.

"Bibi Eskalina," alisema Nakunda. "Naomba uiseme mara moja tu. Kwa uzito."

Eskalina alimtazama kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni. Kisha akakunja mikono mbele, akainamisha kichwa.

"Mimi Eskalina Kihwele," alisema taratibu, "nakubali kubeba maumivu ya ndugu yangu Wendelini Gama, kwa moyo wote. Pole sana, ndugu yangu."

Chumba kilipoa. Mzee Gama aligeukia ukutani, na kwenye kioo cha Mizani ile kamba ya ng'ombe ikanyauka, ikawa uzi wa buibui.

"Kumbe," alisema mzee, akiuambia ukuta. "Kumbe ndiyo hivyo. Ni kufa, na mlikuwa mnajua. Ondoeni vitu vyenu."

Nakunda akaelewa alichokuwa amefanya. Mtani hamwambii mtani pole. Akiambiwa pole, ameambiwa kwamba mchezo umekwisha.

Halafu kutoka ukutani sauti ikatoka, nyembamba, yenye hasira: "Na umenionea huruma mbele ya watu. Faini. Kuku."

Uzi ukatetemeka.

"Kuku mzima!" alisema Eskalina, na uso ukamrudi. "Kwa pole moja?"

"Mzima. Na asiwe kifaranga."

*

"Andika kwamba amekubali," alisema daktari Rweyongeza ofisini. "Amesema wazi, mashine imesikia."

"Amesema, na mgonjwa amekataa. Akisema tena, uzi utakatika kabisa."

"Basi nyamazisha swali. Unayo namba ya kufungulia. Mimi na wewe tunajua yule mama anataka."

"Mimi na wewe tunajua," alisema Nakunda. "Na mama mwenye nyumba alijua msichana wake anataka."

"Si jambo moja."

"Mashine haitaona tofauti. Wiki ijayo mwenzangu wa mji mwingine atasema naye alijua tu."

Daktari alivua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Kwa hiyo mzee afe, sheria ibaki safi."

Nakunda akatoka. Alimkuta Eskalina nje, kwenye bomba, akinawa uso. Miguuni pake palikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kilemba kilicholala upande mmoja kama kofia ya polisi, amefungwa kamba mguu. Eskalina alikuwa amekwenda kumchukua nyumbani. Kila aliyepita alimwogopa kidogo jogoo yule.

"Umeleta faini."

"Nimeleta. Sijasema nampa. Tutabishana kwanza."

"Hapa hayupo," alisema Nakunda. "Niambie mimi. Unataka kubeba, au unaona mtani hawezi kukataa?"

Eskalina alikuwa na macho ya mtu anayejua swali limeulizwa kwa nia njema, na bado hatalijibu. "Mwanangu, nikilisema hapa nitaingia nalo mle ndani. Litanikaa usoni. Yule mzee ananisoma usoni tangu hujazaliwa."

"Basi nieleze kitu kingine. Mtani akichoka na mchezo, anatokaje?"

"Analipa faini yake, anakwenda. Aliyelipa hadaiwi, wala hachekwi."

"Na asipolipa?"

"Anaendelea kutukanwa. Faini haikataliwi, mwanangu, inacheleweshwa tu. Nina za marehemu babu yangu sijazimaliza."

Nakunda alimtazama jogoo. Jogoo akamtazama yeye, kwa jicho moja, kama kawaida yao. Sheria aliyoipigania ilitaka nini hasa? Yule msichana wa jikoni hakukosa mtu wa kumsemea ndiyo, walikuwepo wengi. Alikosa mlango. Ikiwa mtu anao mlango, anauona, na kila asubuhi anafunguliwa apite akitaka, kukaa kwake ndilo neno lake.

Alirudi ndani na jogoo.

"Mizani," alisema, "fungua njia ya wasiosema."

"Njia hiyo ni ya viziwi na mabubu," alisema daktari. "Mama huyu anasema kuliko redio."

"Lakini hili hasemi. Mizani, jifunze ishara. Ndege huyu akiwa amefungwa mguuni mwa kitanda, na kamba iko mkononi mwa mbebaji, amekubali. Mbebaji akimkabidhi mgonjwa ndege, amejitoa. Unakata hapo hapo. Huulizi sababu, na wala mimi siulizi."

Mizani ilipima jambo ambalo walioitengeneza hawakulifikiria.

"Ishara imepokelewa," ilisema. "Ndege ni wa aina gani?"

"Wa Kihehe," alisema mzee Gama. "Ndiyo maana anatazama mlango."

Uzi ukakaza.

*

Kwa hiyo walibeba. Dozi ilipoamka kesho yake alasiri, Eskalina alishika ukingo wa kiti, akavuta pumzi kwa meno, kisha akasema, "Hii tu? Nilijifungua mapacha mnada unaendelea." Mzee Gama alimjibu kwamba mapacha wenyewe walitoka wakikimbia kwa kumwona mama yao. Kila tusi lilikaza uzi, na kila uzi ulipokaza, sehemu nyingine ya maumivu ilivuka kutoka kitandani kwenda kitini, na wawindaji wakaendelea na kazi mahali ambapo mgonjwa alikuwa macho, amekasirika, ana harufu.

Kila asubuhi Nakunda alifunga mlango wa wodi, akafungua fundo, akamwekea Eskalina kamba mkononi na kusimama kando. "Bibi, unakabidhi?" Eskalina aliishika kamba, akamtazama jogoo, akamtazama mzee, halafu akaizungusha tena mguuni mwa kitanda. Siku nyingine alikawia sana kabla ya kuizungusha. Nakunda hakusema neno, na hilo la kunyamaza lilikuwa gumu kuliko kamati zote alizowahi kuongoza.

Jogoo alizoea. Aliokota makombo ya mkate, akamwogopesha mfagizi, akawika daktari alipokuwa akisoma vipimo, na asubuhi moja ya baridi akataga yai chini ya kitanda. Yai lile lilizua kesi. Eskalina alidai ni lake kwa kuwa kuku hajakabidhiwa. Mzee Gama alidai limetagwa katika ardhi ya Wangoni. Mjomba, aliyekuwa akija kila mchana kupinga, alipinga wote wawili, akalila.

Desderi naye alikuja jioni za Jumatano na habari za nguruwe. Mwanzo alisimama mlangoni kama mgeni. Baadaye alikaa. Siku moja baba yake alimwambia anavyolisha ni ovyo, naye, badala ya kusema ndiyo baba, akabisha. Nakunda, aliyekuwa akipita, aliona kwenye kioo cha Mizani kitu chembamba sana, cha kijani, kikitokea na kupotea. Hakumwambia mtu. Kilikuwa bado hakibebi hata unyoya.

*

Dozi ya mwisho ilikuwa nzito kuliko zote, na daktari aliwaambia hivyo. Wawindaji walikuwa wamefika kwenye kiini cha uvimbe. Wakizimika hapo, saratani ingejifunza harufu yao, na hakuna atakayeweza kuwatumia tena kwa mgonjwa yule.

Hadi adhuhuri Eskalina alikuwa ameishiwa matusi. Alikaa amejikunja, shavu juu ya goti, jasho likimtoka kwenye mistari ya nywele. Mkono wake ulikuwa kwenye kamba.

Nakunda alisimama karibu na Mizani. Alikuwa amejiambia asubuhi ile, mbele ya kioo cha bafuni, kwamba Eskalina akikabidhi, yeye mwenyewe atatazama uzi ukikatika, wala hatasema "subiri kidogo." Sasa alikuta ulimi wake umeshalishika neno "subiri" na unalipima. Akaung'ata.

Lakini aliyesogea hakuwa Eskalina.

Mzee Gama aliinuka kwa kiwiko. Alishuka ukingoni mwa kitanda polepole, akanyoosha mkono wenye mishipa mitupu, akafungua fundo mguuni mwa kitanda. Akamvuta jogoo, akampakata.

"Nimepokea," alisema. "Umelipa. Nenda nyumbani, Eskalina."

Hakumwita Mhehe. Alimwita kwa jina lake.

"Ndege amekabidhiwa," ilisema Mizani. "Nikate?"

Daktari alimgeukia Nakunda. Macho yake yalisema kila kitu: mwambie hapana, mbebaji hajakabidhi, kifungu ni chako, jogoo ni wazo lako. Na ilikuwa kweli. Mlango ule ulitengenezwa kwa ajili ya Eskalina, na Eskalina hakuufungua. Lakini mgonjwa naye alikuwa mtu, na alikuwa amesema anachotaka. Ukimfunga mtu kwenye uzima wake kwa kifungu cha sheria, umembebesha tena, ila kwa upande wa pili.

"Mizani, ngoja amri yao," alisema. Akapiga magoti katikati, mahali ambapo wote wawili wangemwona. "Mzee, haki ya kuacha unayo. Ukisema acha, naacha. Bibi, na wewe unayo. Mimi sina la kuongeza."

Jogoo alijikuna.

Eskalina aliinua kichwa kutoka gotini. Sauti yake ilitoka imekwaruza.

"Umechukua kuku ambaye sijakupa."

"Nimechukua."

"Kwa nini?"

Mzee Gama alitazama mikono yake.

"Kwa nini, Mngoni? Sema watu wasikie. Umenionea huruma?"

"Umechoka, Eskalina. Nakuona."

"Amenionea huruma!" Eskalina alimgeukia Nakunda kama shahidi mahakamani. "Ustawi, umesikia? Daktari? Mashine, na wewe umesikia? Mbele ya watu wazima! Faini!"

"Eskalina—"

"Faini haikataliwi. Huyo jogoo utamrudisha. Utambeba wewe, kwa mikono yako hiyo, kutoka hapa mpaka kibandani kwangu, mchana, barabarani, watu wote wa Makambako wakitazama Mngoni anavyorudisha kuku wa Mhehe. Na maiti habebi kuku. Rudisha kamba."

Mzee Gama alikaa na jogoo mapajani. Kidevu chake kilicheza, na haikujulikana kama ni kicheko au kitu kingine.

"Hiyo faini ni kubwa mno kwa kosa lenyewe," alisema hatimaye.

"Kata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwa wenzako. Utawakuta bado wanatafuta njia."

Mzee Gama akainama na kuifunga kamba mguuni mwa kitanda, akampa Eskalina ncha. "Mchawi mkubwa wewe," alimwambia.

Kwenye kioo cha Mizani uzi ulikaza mpaka daktari akarudi nyuma hatua moja.

*

Uvimbe ulipungua. Haukwisha, daktari alisema wawindaji wangerudishwa baada ya mvua, safari fupi, na kwamba safari hiyo kipimo cha mtoto mkubwa kirudiwe. Siku mzee Gama alipoweza kutembea, alitoka getini mchana, barabarani, jogoo kwapani. Alipumzika mara nyingi. Nakunda alimfuata nyuma na kiti cha plastiki, na kila mzee alipotaka kukaa alikiweka chini bila kusema pole. Watu walitoka madukani. Eskalina alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake tangu asubuhi, mikono kiunoni.

"Umechelewa," alisema. "Kuku amekonda."

"Amekula chakula cha Kihehe," alisema mzee Gama, akamkabidhi.

*

Hapo ndipo ilipoishia, na ndipo Bibi Tekla alipovua miwani.

"Umesema jogoo."

"Jogoo, naam. Mwekundu."

"Anawika."

"Sana."

"Na katika sentensi hiyo hiyo anataga yai."

Nilimweleza kwamba ni mwaka ambao haujafika, mambo ya kuku yatakuwa yamebadilika, sayansi haisimami. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Niliapa kwa masikio, alisema. Nimshukuru Mungu kwamba yeye aliweka sharti la jogoo, si la masikio.

Basi nimemchinja, nimemnyonyoa, nimemchemsha na tangawizi kama alivyoagiza mshindi, na supu nimempelekea mwenyewe, bakuli limefunikwa sahani. Siku hizi Bibi Tekla akirudi kutoka kliniki hana hamu ya kula, na hapokei kitu kwa mtu yeyote. Wanawake wa jumuiya wamemletea mpaka wamechoka, anawarudisha na vyombo vyao. Hii aliipokea. Ni haki yake, ameishinda.

Alikunywa hadi chini ya bakuli, akanitazama muda mrefu.

"Hivi wewe mzee, hukujua jogoo hatagi?"

"Bibi Tekla, mimi ni fundi redio. Kuku nitawajulia wapi?"

"Nikigundua umenionea huruma," alisema, akinirudishia bakuli, "nakutoza faini."

Nikamwuliza faini gani. Akasema niandike nyingine, na banda langu bado lina bata.